Fundi Pasi na Mikunjo Mitatu

Mapenzi mengine huanza kwa jicho, mengine huanza kwa jirani asiye na kazi. Haya yalianza kwa koti.

Lilikuwa koti jeusi la studio, kola imelegea, limebakiwa na kifungo kimoja, na ndani yake mna harufu ya makwapa ya mji mzima. Kila aliyetaka picha ya heshima alivishwa hilo. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuandikisha vitambulisho. Foleni ilitoka mlangoni mwa studio, ikapita kwa kinyozi, ikazunguka duka la viatu, ikarudi kuulizia ilikotoka.

Ndani aliketi kijana mmoja mbele ya kompyuta. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini mtaa ulimwita Pasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha nyuso. Ukimpelekea uso wa miaka sitini, anakurudishia wa arobaini. Wajane waliingia pale wakijikongoja, wakatoka wanatembea kwa madaha. Na kila jicho alilomaliza kulitengeneza alilitia nukta mbili za mwanga, moja kubwa na nyingine ndogo kando yake, kama kuku na kifaranga. "Bila hizo," alikuwa akisema, "mtu anaonekana kama samaki wa jana."

Basi akaingia msichana mwenye gauni la njano, viatu mkononi, jasho puani, ameiruka foleni nzima kama dimbwi la maji.

"Kaka, nina dakika kumi. Nipige picha."

"Foleni inaanzia kule, dada."

"Nimeiona, nimeisalimia. Nina usaili wa filamu."

Waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele. Yeye akawageukia, akawapungia mkono kama bibi harusi, nao wakacheka. Mtu akishacheka, nafasi yake imeshaliwa.

"Haya, vaa koti," Pasi akamwambia.

"Hili? Hili si koti kaka, hili ni kaburi la watu wengi."

"Bila koti hutaonekana mtu wa heshima."

"Sitafuti heshima mimi, natafuta kazi. Piga hivihivi. Na usinitengeneze kitu. Kovu la nyusi liache, chunusi iache."

"Hata chunusi?"

"Ni yangu. Nimeilea mwenyewe."

Pasi akapiga. Akaacha kovu, akaacha chunusi, lakini mkono una mazoea yake. Nukta mbili zikaingia. Msichana akaishika picha, akaisogeza karibu na pua.

"Hivi vidoti viwili machoni vimetoka wapi? Taa ilikuwa moja."

Miaka saba ya kazi, hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Pasi akaona masikio yanapata moto. "Hiyo ni sahihi yangu."

"Kwa hiyo umenitia sahihi. Usije ukadhani umeninunua."

Akaondoka mbio, viatu bado mkononi. Kinyozi wa jirani, ambaye wembe wake ulikuwa mkali lakini mdomo wake mkali zaidi, akachungulia mlangoni. "Pasi, funga mdomo. Inzi wanaulizia chumba."

Msichana huyo wenzake wa maigizo walimwita Cheche. Usaili ule hakuupata, ila alirudi studio kulalamika kwamba picha ndiyo iliyomponza, akakaa kulalamika hadi jioni, na kesho yake akaja tena na lalamiko jipya. Mwezi wa pili simu zikawa hazipoi.

"Haloo, Pasi wa moyo wangu."

"Cheche wangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umenyoosha wangapi?"

"Kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na videvu vitatu, nimemwachia kimoja cha akiba."

"Siku ukininyoosha mimi, nitakuunguza na pasi ya kweli."

"Wewe huna cha kunyooshwa, mpenzi."

Cheche aliishi na mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Mama mdogo alimpenda Pasi kwa sababu moja nzito: alimpiga picha, akamnyoosha mpaka akawa msichana wa kuposwa. Picha ile ilitundikwa sebuleni ndani ya fremu ya dhahabu, mapazia yakabadilishwa yafanane nayo. Mgeni mmoja akauliza kama yule binti wa ukutani ameshaolewa, na mama mdogo akamwongezea chai.

Picha ya marehemu haikuwepo. Siku moja Pasi aliuliza.

"Dada yangu hakupenda picha," mama mdogo akamjibu. "Alikuwa fundi cherehani. Akiona kamera tu, anainama kutafuta sindano. Kitambulisho chake nacho picha ilitoka nyeusi, utadhani wamempiga akiwa ndani ya gunia."

Cheche hakuwatazama. Akainuka kutoa vikombe. Pasi hakuuliza zaidi. Alikuwa anaangalia alivyokuwa akitembea.

Mwaka uliofuata Cheche akapata filamu, na filamu yenyewe ya maana. Nyota alikuwa dada mmoja maarufu wa miaka ishirini na mitano. Cheche, wa miaka ishirini na minane, akapewa kuwa mama yake.

"Mama? Wewe?"

"Mama. Una neno?"

Miezi mitatu alijifungia na kioo, uzi na sindano. Pasi akienda kumtembelea, humkuta amekunja uso katikati ya nyusi, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini kwa meno.

"Nani kakuudhi?"

"Nafanya kazi."

Pasi humwekea kidole gumba kwenye paji na kukiburuta polepole, kama pasi juu ya kola. "Unajizeesha bure."

"Acha bwana, unaniharibia!" Cheche hucheka, halafu hukunja tena. Kisha siku moja akamwambia, "Bango la filamu likitoka, nitakuambia kitu. Wewe na mama mdogo, siku moja, mahali pamoja."

"Na mimi nina kitu," Pasi akasema. Kitu chenyewe kilikuwa pete, na alikuwa ameificha kwenye kikopo cha filamu za kamera ya zamani, nyuma ya kompyuta. Mtaa mzima ulijua kwamba mchumba wake yumo kwenye filamu. Aliwaambia hata wale ambao hawakuuliza.

Bango likatoka Jumatano asubuhi kwenye simu za watu. Kinyozi aliliona kwanza, akaja mbio, akiwa amemwacha mteja kichwa nusu msitu nusu uwanja wa mpira. Mteja naye akamfuata na shuka lake shingoni.

"Pasi! Mchumba wako ametoka! Mbona ulituficha kwamba unaoa bibi kizee?"

"Hebu nione," mteja akasema. "Aa, huyu mshike mkono akivuka barabara."

"Siku ya harusi wazee watakaa upande gani? Bibi harusi si ndiye mzee mwenyewe!"

Wakacheka hadi kinyozi akashika mlango. Pasi naye akacheka, maana anayechekwa asipocheka huchekwa mara mbili. Walipoondoka akalitazama bango peke yake. Mbele alisimama nyota anang'aa. Nyuma yake mwanamke mwembamba, nywele zimerudi nyuma, midomo imebanwa, na katikati ya nyusi mikunjo mitatu iliyosimama wima kama vijiti. Macho yamechoka, lakini yanakutazama kama yanayokupima urefu.

Mwingine angeona mtu. Pasi aliona kazi.

Saa ya chakula hakula. Kwa dakika arobaini akanyoosha paji, akalegeza midomo, akajaza mashavu, akafuta ile mikunjo mitatu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaona Cheche wake anarudi, moyo ukamtulia. Mkono ukatia nukta mbili bila kuulizwa. Akajipa jina la uongo, akaituma kwenye kundi la mashabiki wa filamu: "Mama mzuri kama huyu aonekane hivi."

Hadi alasiri picha ilikuwa imefika kwa kila mwenye simu. "Hii ndiyo ya kweli!" "Ile ya kwanza ifutwe!" Nyota mwenyewe akaandika: "Jamani mama yangu amegeuka mdogo wangu! Nacheka mwenzenu. Lakini hii nzuri zaidi." Kinyozi akaja kuomba radhi: "Kumbe shemeji yetu ni moto." Pasi alitembea siku ile kama mtu aliyepandishwa cheo. Akangoja Cheche apige simu, afurahi, ndipo amwambie, "Ni mimi."

Cheche hakupiga. Kesho yake asubuhi ikatoka video. Kinyozi aliiweka sauti ya juu, wateja watatu wakainamia simu, na Pasi nyuma yao.

Cheche alikuwa amekaa sebuleni kwao, kitambaa kichwani, hana hata wanja.

"Mimi si mtu wa kulialia kwenye simu za watu," akaanza. "Ila ule uso kwenye bango sikupakwa. Ule ni uso wa mama yangu. Alishona nguo za watu miaka ishirini na sita. Mikunjo ile mitatu aliipata kwa kutunga uzi kwenye taa mbovu, ili mimi nisome. Watoto tulikuwa tunaisoma kama namba tukimtania, moja, moja, moja: mia na kumi na moja. Amekufa, hatuna picha yake hata moja. Nimejifunza uso wake miezi mitatu ili nipate moja tu. Nanyi mkaona uchafu, mkaufuta. Wengine mmecheka, na wenzangu wa kazi nao wamecheka. Sawa. Ila wewe uliyekaa ukaufuta mkunjo mmojammoja, sijui kama una mama. Kama unaye, nenda kamtazame vizuri leo."

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja akatoa leso.

"Mshenzi gani huyu?" kinyozi akauliza. "Kweli dunia ina watu. Si kweli, Pasi?"

"Kweli," Pasi akasema.

Simu ikalia.

"Umeiona?" Sauti ya Cheche ilikuwa imekauka.

"Nimeiona, mpenzi."

"Lile bango ndilo lilikuwa jambo langu. Nilitaka niwasimamishe mbele yake, wewe na mama mdogo, nikwambie: huyu ndiye mama mkwe wako. Pasi, nitafutie huyo mtu. Wewe unajua picha. Si ulisema kila fundi ana mkono wake?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi hapo, upana wa lango la ng'ombe. Pasi akaupita kando.

"Nitamtafuta."

Na alimtafuta kweli. Alikwenda hadi kwenye kioo cha choo cha studio, akamkuta, wakatazamana, kila mmoja akangoja mwenzake aseme. Siku nne Cheche alipiga simu kuuliza, na siku nne alijibiwa, "Bado natafuta, mpenzi. Wamejificha."

Siku ya tano bosi wa studio akaingia anapiga makofi. Kampuni ya filamu inataka bango kubwa la kutundikwa mbele ya ukumbi wa sinema, mita nane. Na kwa kuwa, video au bila video, watu wameipenda ile ya mashabiki, wameleta picha ya asili, safi, kubwa. Fundi anyooshe upya uso wa yule mama, ufanane na ile iliyozagaa.

"Kazi hii wewe unaifanya umefumba macho," bosi akasema. "Ijumaa asubuhi linapanda."

Pasi akaifungua picha. Uso wa fundi cherehani ukajaa kioo chote cha kompyuta, kila mkunjo umekuwa mfereji. Bado alikuwa anautazama pale kitasa kilipolia.

"Fundi yupo?"

Tangu wajuane Cheche hakuwahi kumwita fundi. Alivaa lile gauni la njano, lakini viatu vilikuwa miguuni, na kwapani alibeba kitu kimefungwa kwa kanga. Akakifungua juu ya meza: picha ya mama mdogo na fremu yake ya dhahabu. Kando yake akaweka picha yake ya siku ya koti. Kando ya hiyo akaweka simu, na kwenye simu bango lililonyooshwa.

"Hesabu," akasema.

Pasi hakuhitaji kuhesabu. Kuku na kifaranga, kuku na kifaranga, kuku na kifaranga.

"Nilikuwa napanguza vumbi kwenye picha ya mama mdogo," Cheche akasema. "Nikaona ananitazama kwa macho ya yule wa kwenye bango."

"Cheche, nilifanya kwa mapenzi."

"Nilijua neno hilo ndilo litakalotangulia."

"Nilitaka watu waone ulivyo mzuri."

"Watu gani?"

Macho yakamponyoka Pasi, yakaenda ukutani, upande wa kinyozi. Kule wembe ulikuwa umenyamaza. Mtu alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili. Cheche akayafuata yale macho.

"Aaa," akasema taratibu. "Ulinionea aibu."

"Walinicheka."

"Wakakucheka wewe, ukaona tufutwe sisi."

"Sikujua kwamba ni mama!"

"Hukuuliza. Umenikuta na sindano miezi mitatu, ukaninyoosha kwa kidole gumba. Hilo ningekusamehe, ni ujinga, na ujinga sote tunao. Lakini nimekutuma umtafute mwizi, ukaniitikia siku nne. Nilikuwa nakulilia wewe juu ya wewe, Pasi. Ulikuwa unasikia raha gani?"

Mtu akizama hushika hata maji. Pasi akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, akatoa kikopo, akakifungua. Pete ikatoa macho.

"Hiki ndicho nilichotaka kukuambia siku ya bango."

Cheche aliitazama muda mrefu. Ilikuwa pete nzuri. Hata yeye aliona hivyo, na hapo ndipo machozi yalipoanza.

"Na mimi nikizeeka?" akauliza. "Nitazeeka kwa uso huu huu wa mama, ninao tayari, unasubiri tu. Utaamka kila asubuhi unanifuta?"

"Cheche..."

"Kifunge kikopo. Kisiingie mwanga."

Akamfunga mama mdogo ndani ya kanga, akatoka. Picha yake ya siku ya koti akaiacha mezani.

Pasi alikaa na ile picha ya mita nane hadi bosi alipokwenda kula. Hakugusa mkunjo hata mmoja. Wala nukta hakutia. Macho ya yule mama yalikuwa na mwanga mmoja mdogo, wa taa moja, akauacha ulivyo. Akachapa. Ijumaa asubuhi wenye ngazi wakalichukua likiwa limekunjwa, wakalipandisha, na mji ukainua kichwa.

Pasi akampigia mama mdogo, maana Cheche hakuwa anapokea.

Walikuja wote wawili. Mama mdogo alivaa nguo zake za sikukuu. Akavuka barabara bila kutazama magari, honi zikamlilia, akasimama chini ya bango, akavua viatu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Wapita njia wakasimama.

"Umekonda," akaendelea. "Na umepanda huko juu vipi, wewe uliyekuwa unaogopa hata kiti?" Akataka kucheka, ila kicheko kikageukia njiani kikatoka kingine. Cheche akamkumbatia. Alikuwa amekunja uso kwa kilio, na katikati ya nyusi ikasimama mikunjo mitatu, bila kioo, bila sindano. Pasi, kutoka ng'ambo ya barabara, alitazama juu, akatazama chini. Kwa mara ya kwanza akaona kwamba ni watu wawili, na kwamba wote wawili ni wazuri.

Cheche akamwona, akavuka.

"Asante," akasema.

"Nitafukuzwa kazi."

"Najua. Ndiyo maana nasema asante."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Moyo wa Pasi ukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. "Basi twende..."

"Kusamehe nimesamehe. Kurudi ni safari nyingine, na miguu yangu imechoka." Akamgusa paji kwa kidole gumba, akakiburuta polepole, kama alivyokuwa akifanyiwa yeye. "Na wewe mikunjo imekuanza. Usiifute."

Akarudi kwa mama yake mdogo.

Alasiri ya siku ileile kampuni ikaleta ngazi. Bango likashushwa, likapandishwa jingine lililochapwa kwingine, mama amenyooka kama sahani na nukta zake mbili machoni. Hilo ndilo lililokaa miezi miwili. Pasi, ambaye kufikia saa hiyo hakuwa na kazi, akawaomba wenye ngazi lile la kwanza, akalibeba begani hadi kwa kina Cheche. Mlangoni akatoka mama mdogo. Bango akalipokea. Aliyelibeba hakumkaribisha.

Baadaye mama mdogo alimpigia Pasi simu, kwa siri, kumwambia kwamba mita nane hazikuingia nyumbani. Wameukata uso peke yake, kwa mkasi wa marehemu, na bado umejaza ukuta wote. "Mimi nimeshushwa," mama mdogo akasema, akashusha pumzi. "Ukuta hautoshi watu wawili. Lakini nilikuwa mzuri pale, mwanangu, tusidanganyane."

Siku hizi Pasi ana meza na mwavuli mbele ya ofisi ya vitambulisho, na koti lake mwenyewe, jeusi. Filamu za Cheche huziona kwenye simu ya kinyozi, maana kinyozi humfuata kumwonyesha, na siku hizo hata hatanii.

Juzi alikuja mama mmoja wa makamo ya jioni, uso umechorwa kama ganda la mti, akakaa kwenye kigoda, akajiweka sawa.

"Nasikia wewe ndiye Pasi. Toa yote, mwanangu. Usinibakizie hata mmoja."

Pasi akaitazama kamera, akaushusha mkono.

"Mama, una binti?"

"Ninaye. Kwa nini, unataka kuoa?"

"Hapana. Naomba uje naye kesho. Achague yeye vya kufutwa."

Mama yule akamtazama juu hadi chini, akasonya, akabeba mkoba wake na kwenda kwa mpiga picha wa mwavuli wa pili. Yule alimnyoosha vizuri sana. Mama akapita mbele ya Pasi akijitazama kwenye picha, anatembea kwa madaha.